Michezo ya Video Iliyoachwa Njiani: Elimu Yake Huenda Wapi?

Mwanafunzi wa Kibakwe anayecheza mchezo wa video katika simu huona kazi iliyokwisha kamilika. Haoni michoro iliyofutwa, wala michezo mizima iliyotengenezwa kwa miaka kadhaa kisha ikasimamishwa kabla ya kuuzwa hata nakala moja. Michezo ya aina hiyo ni mingi. Je, kwa nini kazi ya mafundi hodari huachwa njiani? Na ikisha kuachwa, elimu iliyomo huenda wapi? Makala hii itajaribu kujibu maswali hayo mawili.

Mchezo hujengwaje?

Mchezo wa video ni programu, yaani mfululizo wa maagizo ambayo kompyuta huyafuata. Kwanza hutengenezwa mfano wa awali, kipande kidogo kinachoonyesha kama wazo lenyewe linawezekana. Mfano huo ukifaulu, waandishi wa programu, wachoraji na watunzi wa muziki huungana kuukamilisha mchezo. Kazi hiyo yaweza kuchukua miaka miwili, mitatu au zaidi, na muda wote huo mishahara hulipwa ingawa mchezo haujaingiza hata senti moja.

Uwezo wa mashine

Kikwazo cha kwanza ni mashine yenyewe. Tuchukue mfano wa mchemraba, wenye kona 8. Ili uonekane ukizunguka katika kioo, kompyuta hukokotoa upya mahali pa kila kona kwa kanuni ambayo wanafunzi wa hisabati wataitambua:

x mpya = x cos θ − y sin θ
y mpya = x sin θ + y cos θ

Kila kona huhitaji kuzidisha mara 4. Kona 8 huhitaji mara 32. Picha ikibadilika mara 20 kwa sekunde, jumla ni mara 640 kwa sekunde. Vikiwapo vitu 50 vya namna hiyo, hesabu hufikia 32,000 kwa sekunde, na hapo bado rangi hazijapakwa. Mashine isipoweza kwenda kasi hiyo, picha hukwamakwama.

Tatizo hilo liliikabili kampuni ya Nintendo ya Japani ilipotengeneza mchezo wa Star Fox 2 pamoja na kampuni ya Argonaut ya Uingereza. Prosesa ya mashine ya Super Nintendo ilikuwa na kasi isiyozidi mapigo milioni 3.6 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo mafundi walitia ndani ya kaseti ya mchezo prosesa ya pili, yenye mapigo yapatayo milioni 21 kwa sekunde, ili isaidie kukokotoa maumbo. Ufumbuzi huo ulifaulu, na kufikia mwaka 1995 mchezo ulikuwa umekwisha kamilika kwa hakika.

Hata hivyo haukuuzwa. Mwishoni mwa mwaka 1994 mashine mpya za PlayStation na Saturn zilikuwa zimeingia sokoni nchini Japani, zikichora maumbo kwa ubora uliozidi sana ule wa Super Nintendo. Nintendo nayo ilikuwa ikiandaa mashine yake mpya, Nintendo 64, iliyotoka mwaka 1996. Mchezo uliokamilika ukawekwa kabatini. Kosa halikuwa katika programu. Wakati ndio uliokuwa umeipita.

Sababu nyingine

Mchezo wa Sonic X-treme wa kampuni ya Sega ulikwama kwa sababu tofauti. Saturn ilikuwa na prosesa kuu mbili ambazo ilikuwa vigumu kuzigawia kazi sawasawa. Muda ulikuwa mfupi, na baadhi ya watengenezaji waliugua kwa kufanya kazi kupita kiasi. Mchezo huo ukafutwa.

Mara nyingine mwenye mali hubadilika. Mchezo wa mapigano uitwao Thrill Kill ulikuwa karibu kutoka wakati kampuni ya Electronic Arts ilipopata haki zake mwaka 1998. Wenye mali wapya waliukataa kwa sababu ya ukatili wake. Lakini programu iliyouendesha haikutupwa: ilitumika katika mchezo mwingine uliotoka mwaka 1999.

Mfano wa jirani

Wasomaji wa Mpwapwa wanao mfano wa karibu nao. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha kilimo kikubwa cha karanga huko Kongwa. Mashine nyingi zililetwa kabla ya udongo na mvua kupimwa vya kutosha kwa mashamba madogo ya majaribio. Udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, mvua hazikutosha, na mwaka 1951 mpango ukaachwa, baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30. Shamba dogo la majaribio ndilo mfano wa awali wa mkulima: hugharimu kidogo, na husema kweli mapema. Na kama programu ya Thrill Kill, si kila kitu kilichopotea Kongwa, kwa maana sehemu ya ardhi iliyofyekwa ilikuja kuwa ranchi ya ng'ombe.

Elimu hubaki wapi?

Jibu ni kwamba hubaki pale tu inapohifadhiwa. Diski za sumaku huharibika, kampuni hufungwa, na mafundi husahau. Lakini programu ya Star Fox 2 ilitunzwa, na mwezi Septemba 2017, miaka 22 baadaye, Nintendo iliutoa mchezo huo rasmi. Watu waliokuwa hawajazaliwa mwaka 1995 wakaucheza, na ustadi wa mafundi wale ukaonekana.

Jambo hilo linaihusu kila maabara ya shule. Mwanafunzi ambaye jaribio lake limeshindikana mara nyingi huichana karatasi na kuanza upya, na mwenzake wa mwaka unaofuata hurudia kosa lile lile. Ni heri kila shule iwe na daftari la majaribio yaliyoachwa, lenye tarehe, vifaa vilivyotumika, vipimo vilivyopatikana na sababu ya kuacha.

Zoezi kwa darasa

1. Chora pembetatu yenye kona (0,0), (3,4) na (5,0). Kwa kanuni iliyotolewa hapo juu, izungushe kwa nyuzi 90. Kona ya (3,4) iangukie (−4,3). Ikiwa sivyo, tafuta kosa.

2. Kokotoa ni mara ngapi kompyuta itazidisha kwa sekunde ikiwa pembetatu 100 zinazungushwa na picha inabadilika mara 30 kwa sekunde.

3. Andika katika daftari jaribio moja ambalo darasa lenu liliwahi kuliacha. Eleza lilikomea wapi, na atakayeliendeleza aanzie wapi.