Je, wajua? Mwanya unaookoa fremu ya mlango

Septemba 1869 David Livingstone alifika Kabambare, mji ambao katika daftari zake aliuandika Bambarre, akiwa na msafara wa mfanyabiashara Muhammad bin Gharib. Mengi yamesemwa juu ya vidonda vya miguu vilivyomlaza huko mwaka uliofuata. Machache yamesemwa juu ya nyumba alizoziona Manyema, na kwa maoni yangu hizo ndizo ambazo kila mwashi wa Kasongo na Kabambare angepaswa kuzijua.

Zilikuwa nyumba za pembe nne, kuta zake udongo ulioshindiliwa vizuri. Paa lilikuwa la chini, limeezekwa kwa majani yanayofanana na ya mgomba ila magumu zaidi. Kikonyo cha kila jani kilikatwa pengo, na kwa pengo hilo jani likaning'inizwa kwenye fito nyembamba. Mvua ikinyesha, maji yalitelemka upesi na ukuta haukulowa. Hata njia za vijijini mara nyingi zilielekezwa mashariki na magharibi ili jua likaushe unyevu haraka. Udongo mtupu, bila chembe ya simenti, uliweza kusimama katika nchi ambayo mvua yake huanza Septemba na kuendelea hadi Mei.

Karibu karne moja baadaye wataalamu waliyaandika hayo kwa lugha ya kanuni. Mwaka 1963 Mkanada G. K. Garden alieleza kwamba mvua haipenyi ukuta mpaka mambo matatu yakutane: maji juu ya ukuta, upenyo, na nguvu ya kuyasukuma maji ndani. Ondoa moja tu, mvua imeshindwa. Wajenzi wa Manyema waliondoa la kwanza. Sisi wa leo tunahangaika na la pili, la kuziba kila upenyo, na hilo ndilo gumu kuliko yote.

Nguvu zenyewe ni nyingi. Kuna uzito wa maji, kuna kasi ya matone yanayochapwa na upepo, kuna mnyonyo: ufa mwembamba hupandisha maji kama utambi upandishavyo mafuta ya taa, ilhali mwanya wa sentimita moja hauwezi. Lakini jabali la nguvu hizo ni hewa. Upepo ukiugandamiza ukuta, mgandamizo wa nje huzidi wa ndani, na tundu dogo kama la sindano pembeni mwa fremu hugeuka mrija wa kufyonza maji. Basi ukitegemea silikoni iliyopakwa kwa nje peke yake, siku itakapochanika kwa jua umekwisha.

Dawa ni kugawa kazi. Tabaka la nje, liwe mbao, bati au vigae, lipokee mvua. Nyuma yake pabaki mwanya wa milimita 20 hivi, wazi chini na juu, wenye wavu wa kuzuia wadudu. Hewa ikiingia humo, mgandamizo wa mbele na wa nyuma hukaribiana, maji hukosa wa kuyasukuma, yanadondoka chini. Kiziba hewa hukaa upande wa ndani, mahali pakavu, ambako hakipigwi na jua wala mvua.

Vancouver, Kanada, walijifunza hayo kwa gharama kubwa. Katika miaka ya 1980 na 1990 yalijengwa humo majengo mengi ya ghorofa yasiyo na upenu, yamepigwa lipu iliyozibwa kila pembe, katika mji wa mvua! Maji yaliingia kidogo kidogo, zaidi kwenye maungio ya madirisha na roshani, yakakosa pa kutokea. Mbao zikaoza ndani ya kuta ambazo kwa nje zilikuwa bado nzuri. Mwaka 1998 serikali ya jimbo iliunda tume chini ya Dave Barrett kuchunguza balaa hilo.

Hata dirisha la mbao lililovishwa aluminiamu, fahari ya nchi za baridi, linafuata sheria ileile. Aluminiamu haipitishi unyevu. Ikigandishwa moja kwa moja juu ya mbao, jasho hujikusanya nyuma yake. Kwa hiyo hushikwa kwa vibanio vinavyoiacha mbali kidogo na mbao, hewa ipite. Tena vitu hivyo viwili havitanuki pamoja: kipande cha aluminiamu cha mita 2, joto likipanda nyuzi 40, hurefuka karibu milimita 2. Mbao hutanuka kwa unyevu zaidi kuliko kwa joto. Ukivigandanisha, kimoja kitapasua kingine.

Sasa rudi nyumbani. Fremu ya mvule ni ngumu, lakini tazama inavyopachikwa: miimo inazungushiwa simenti pande zote, lipu inafunika maungio, mguu wa fremu unazama sakafuni mahali maji yanapotuama. Methali ya ufa na ukuta imewaponza mafundi wengi. Mbao ikibaki na unyevu chini ya asilimia 20 kuvu haipati nafasi. Ikikaa imelowa, kuvu huanza kula, na mchwa hawako mbali.

Marekebisho hayahitaji mali ya kutoka Ulaya. Upenu urefushwe. Juu ya fremu likunjwe bati lenye mteremko kuelekea nje. Kizingiti cha chini cha dirisha kiinamishwe, na chini ya ukingo wake kichongwe mfereji mwembamba ili tone likatike lisitambae kurudi ukutani. Mguu wa fremu uinuliwe juu ya jiwe.

Na kabla hujamlipa fundi, panda ngazi na ndoo ya maji, uyamwage polepole juu ya fremu. Yakitokea nje chini ya kizingiti, mlipe. Yakipotea usijue yamekwenda wapi, mwambie abomoe lipu aanze upya.