Jua la saa tatu usiku

Mtu wa Bukavu akipata safari ya kwenda kuishi ng'ambo, ndugu na majirani humwonya juu ya baridi. Hutafutiwa koti zito sokoni Kadutu, na kila aliye na shemeji Ulaya huongeza hadithi yake ya theluji. Onyo hilo si la uongo. Lakini mji wetu uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, na asubuhi ya Juni hakuna anayeshangaa kumwona muuza sambaza amevaa sweta. Baridi tunafahamiana nayo kidogo. Kitu ambacho hakuna anayetuonya nacho ni jua.

Boise, mji mkuu wa jimbo la Idaho, pamoja na Twin Falls, ni miji iliyopokea Wakongo wengi, baadhi yao wakitoka kambi kama Nyarugusu ya Kigoma. Katika mwaka wa fedha wa 2016 Marekani ilipokea wakimbizi wa Kongo zaidi ya 16,000, kundi kubwa kuliko la nchi nyingine yoyote. Mlango huo ukafungwa Januari 2025, isipokuwa kwa wachache sana. Aliyetua Boise mwezi wa Julai na koti lake la Kadutu alikutana na joto linaloweza kupita nyuzi 35, joto ambalo hapa Bukavu hatulijui. Na koti lenyewe halikuwa na haraka: mashirika ya mapokezi yalitakiwa kumpa kila mkimbizi nguo zinazofaa majira aliyoyakuta.

Kisha ikawa jioni haifiki. Huku kwetu, siku iliyo ndefu kuliko zote na iliyo fupi kuliko zote hazipishani hata kwa nusu saa. Jua letu lina nidhamu ambayo ofisi zetu zimeshindwa kuiga. Boise, mwishoni mwa Juni, linazama kwenye saa tatu na nusu usiku. Mama anawaambia watoto walale, nao wanamwonyesha dirishani. Desemba mambo hugeuka: jua huchomoza saa mbili ya asubuhi imeshapita, na saa kumi na moja jioni ikipita kidogo limezama. Afanyaye kazi ndani ya kiwanda huingia gizani na kutoka gizani. Dunia hulizunguka jua ikiwa imeinama kwa nyuzi 23 na nusu hivi, na sisi tulio jirani na ikweta mwinamo huo hautusumbui.

Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake waliieleza huzuni inayomrudia mtu kila majira ya baridi na kumwachilia siku zinaporefuka. Mgeni huidhani ni kuwakumbuka wa nyumbani tu, na kweli sehemu yake ni hiyo. Tena ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi ili itengeneze vitamini D, ndiyo maana madaktari wengi huko huwaandikia Waafrika vidonge vyake.

Anayelima hujifunza majira kwa njia ngumu zaidi. Huku Bushi mvua ya Septemba ikianza, maharagwe huingia ardhini. Februari tunapanda tena, na kiangazi kikija, wenye mabonde yenye maji bado wana la kufanya. Boise kuna mpango uitwao Global Gardens, unaowapa wakimbizi mashamba ya mboga, lakini nafasi ya kupanda ni moja. Wenyeji hutazama kilele cha Shafer Butte juu ya mji: theluji ikiwa bado iko kule, nyanya hazipandwi. Mama wa Kivu mwenye mbegu za lengalenga naye lazima autazame mlima huo, maana usiku mmoja wa jalidi katikati ya Mei unatosha kuua miche yote. Oktoba jalidi hurudi. Mhogo haupati muda wa kukomaa, hivyo sombe hununuliwa dukani, imegandishwa ndani ya mfuko.

Majira hayo hutufikia hata sisi tuliobaki. Kila Machi na Novemba Wamarekani husogeza saa zao, na tofauti kati ya Boise na Bukavu huwa saa nane, kisha tisa. Bibi wa Bagira aliyezoea simu ya Jumapili hujiuliza kwa nini mjukuu amechelewa. Kwa ndugu wa Brussels, wakati wa joto saa yao na yetu ni moja, wakati wa baridi wao hubaki nyuma kwa saa moja.

Pesa nazo zina majira. Desemba ndipo kazi za shamba na ujenzi zinapopungua, na ndipo bili ya kupasha nyumba joto inapopanda. Ndiyo miezi ileile ambayo Bukavu inapiga simu kuomba ya Noeli na bonane, na ukimya wa aliye ng'ambo tunauita kiburi. Anayetaka mabati aombe Julai, kabla minervali ya Septemba haijamtangulia.