Nani atashika ufunguo wa gazeti letu?



Katika mkutano uliopita mlinipa kazi ambayo sikuiomba: kutafuta programu nzuri ya kuweka gazeti letu kwenye intaneti, ili mabinti zetu walio Bujumbura, Lubumbashi na hata Ulaya walisome, na ili maandishi yetu yasipotee tena. Mama mmoja alisema, "Wewe katibu unajua kupiga mashine, na hiyo utaijua." Basi nimeuliza vijana, nimejaribu kwa simu yangu mwenyewe, nimemaliza mega zangu na za mume wangu, na leo nawaletea niliyoyaona kabla hatujapiga kura siku ya posho.

Nimesema "yasipotee tena" kwa sababu tumekwisha kupoteza mara mbili.

Mara ya kwanza wote mnaikumbuka. Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika hapa Uvira, sanduku la nakala zetu lilikuwa chini ya kitanda cha katibu wa zamani. Miaka tisa ya gazeti ilikwenda ziwani pamoja na nyumba. Watu walikufa siku zile, kwa hiyo hakuna aliyelia kwa ajili ya karatasi. Lakini miezi ikapita, akaja binti mmoja akiuliza kama tunayo maandishi ya marehemu mama yake, yule aliyekuwa akitufundisha kila mwezi namna ya kukausha ndagala wakati wa mvua bila kuoza. Hatukuwa na kitu cha kumpa, hata ukurasa mmoja.

Mara ya pili hakukuwa na mafuriko. Kijana mmoja wa mtaa, mwenye moyo mzuri, alitutengenezea kurasa za intaneti bila kudai franka hata moja. Zilikuwa nzuri kweli, zenye rangi ya vitenge vyetu. Alizifungua kwa barua-pepe yake na kuzilipia mwaka mmoja kwa kadi ya benki ya rafiki yake. Akapata kazi mbali, akabadilisha namba ya simu. Barua ya kukumbusha malipo ilipokuja, ilikwenda kwake, na yeye hakuwa akiifungua tena barua-pepe ile. Siku moja tukafungua anwani yetu tukakuta matangazo ya vitu tusivyovijua. Simlaumu kijana. Sisi tunaoweka akiba katika AVEC, tunaojua kwamba sanduku la pesa lina kufuli tatu na wamama watatu wenye funguo, tulimpa mtu mmoja sanduku zima na funguo zote.

Kwa hiyo nilipoanza kutafuta sikuuliza kwanza programu ipi inapendeza. Niliuliza: siku tukitaka kuondoka, tutatoka na vitu vyetu namna gani?

Labda nieleze kwanza ni programu ya aina gani, maana mama jirani yangu alifikiri ni kitu cha kununua sokoni kama redio. Ni programu inayotunza maandishi na picha mahali pamoja, kama stoo nyuma ya nyumba, halafu inaviandaa mbele kwa wageni kama meza. Wewe unaandika, unaweka picha, unabonyeza kitufe cha kutoa. Yenyewe inapanga kwa tarehe, inaweka kichwa cha habari mahali pake, na msomaji akitafuta "ndagala" inamletea yote yaliyoandikwa juu ya ndagala. Ukitaka kubadilisha sura ya meza, stoo haiguswi. Hapo ndipo tofauti yake na WhatsApp. Wengi mmeniuliza kwa nini tusibaki WhatsApp na Facebook ambako tuko tayari. Tubaki huko kwa kupiga mbiu. Lakini jaribuni leo kutafuta katika kundi letu ule ushauri wa homa ya watoto tuliouweka mwaka jana. Umezama chini ya salamu za asubuhi.

Programu za namna hii ni nyingi. Moja ilinichekesha: inaitwa Joomla, ilizaliwa mwaka 2005, na jina lake ni neno letu la Kiswahili, "jumla", lililoandikwa kama wageni wanavyolisikia. Nyingine, Drupal, ilianzishwa na Mbelgiji Dries Buytaert. Yeye alitaka kuandika "dorp", yaani kijiji kwa Kiholanzi, akakosea herufi akaandika "drop", na jina la programu likatokana na tone hilo. Zote mbili ni za bure na zina nguvu, lakini zinahitaji fundi wa karibu, na fundi wa karibu ndiyo hadithi ya kijana wetu. Nikaangalia pia SPIP, iliyotengenezwa na Wafaransa mwaka 2001 na kutumiwa na gazeti la Le Monde diplomatique. Kifaransa chake kingetufaa, na imetengenezwa na watu waliofikiria magazeti. Tungekuwa na binti mmoja aliyesoma kompyuta na mwenye nia ya kubaki Uvira, ningewaambia tuichukue. Hatunaye.

Zikabaki mbili: Blogger na WordPress.

Blogger ilianza mwaka 1999, na Google iliinunua mwaka 2003. Ukiwa na anwani ya Gmail unafungua leo, na kesho unaandika. Hulipi kitu. Mama mweka-hazina wetu anaitaka hiyo, na sababu zake ni nzuri: hakuna matangazo usipoyataka, hakuna cha kutengeneza, na siku tukipata pesa za kununua anwani yetu wenyewe, Blogger haitudai malipo ya kuiunganisha. Kwa mama mmoja anayeandika peke yake, tuseme anayeuza vitenge au kufundisha mapishi, mimi ningemwambia achukue Blogger na asipoteze muda.

WordPress ilitolewa mara ya kwanza tarehe 27 Mei 2003, na leo zaidi ya 40 kwa mia ya kurasa za dunia nzima zinasimama juu yake. Lakini angalieni, maana mimi mwenyewe nilichanganyikiwa siku mbili: WordPress ina nyumba mbili. Kuna programu yenyewe, ya bure, unayoichukua na kuiweka kwenye mashine uliyokodi, kisha wewe ndiye unayelipa kodi, unayeitengeneza na kufunga mlango. Usipoifanyia marekebisho kila yanapotoka, wezi wa intaneti wanaingia. Halafu kuna WordPress.com, ambako kampuni inakutunzia kila kitu. Unaweza kuanza bila kulipa, ila anwani inakuwa ndefu kidogo na wao wanaweka matangazo yao kwenye kurasa zako. Kulipa ndipo shida ya kwetu ilipo. Kampuni nyingi za ng'ambo zinadai kadi ya benki, na wengi wetu pesa zetu ziko kwenye simu. Ndiyo maana mara ya mwisho tuliazima kadi ya rafiki wa rafiki.

Nilifanya jaribio. Niliandika habari tatu katika Blogger na tatu katika WordPress.com, kwa simu, nikaweka na picha, kisha nikaagiza kila moja inirudishie mali yangu. Zote mbili zilinipa faili moja lenye maandishi yote, na hapo nilifurahi. Furaha ikapungua nilipoona kwamba picha hazimo ndani ya faili hilo. Mna anwani zake tu, yaani mahali zinapokaa kwenye mashine yao. Mashine ikifungwa, picha imekwenda. Kwa hiyo picha zetu lazima zitunzwe pembeni. Nikajaribu pia kuhama. Kutoka Blogger kwenda WordPress kuna njia iliyotengenezwa tayari, na habari zangu zote tatu zilifika. Kurudi nyuma sikupata njia rahisi.

Msiseme kwamba kampuni kubwa hazifungi mlango. Waliokuwa vijana miaka ya 2000 na kusoma Kifaransa wanaikumbuka Skyblog, ambako kila mtu aliandika mapenzi yake na kuweka picha za marafiki. Ilifungwa Agosti 2023. Tangazo lilitolewa kabla, ndiyo, lakini mtu aliyekwisha kusahau neno lake la siri angefanya nini?

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichague, ambalo halihusu pesa wala mega.

Mwaka jana habari moja ya binti aliyetendewa ukatili ilikaribia kuchapwa hapa ikiwa na jina lake na mtaa wake. Mwandishi hakuwa na nia mbaya, alitaka watu wamsaidie yule binti. Mama msahihishaji aliliona jina usiku wa kuamkia kuchapa, akalifuta kwa kalamu. Nakala zetu ni chache, zinasomwa na watu wanaojuana. Kwenye intaneti jina lile lingefika Kinshasa kabla ya chai, na hata tungelifuta asubuhi, mtu angekuwa amekwisha kupiga picha ukurasa. Wengine mnajua ni nini kinachoweza kumpata binti kama huyo katika familia ya wakwe.

Katika Blogger, ukimkubalia mtu kuwa mwandishi, anaandika na anatoa mwenyewe. Hakuna wa kusimama mlangoni. Katika WordPress kuna ngazi. Anayeitwa mchangiaji anaandika, anaacha, na hawezi kutoa. Mhariri ndiye anayesoma, anasahihisha, kisha anatoa. Juu yao yuko msimamizi mwenye funguo za nyumba. Ndivyo tunavyofanya kazi sisi tangu mwanzo: mnaleta karatasi zenu, kamati inasoma, ndipo tunachapa. Programu inayofuata desturi yetu ni bora kwangu kuliko ile ya mteremko, na mweka-hazina anisamehe.

Pendekezo langu basi ni WordPress.com, ile ya bure, kwa mwaka mmoja, na tuvumilie matangazo yao. Mwisho wa mwaka tutaona kama tunanunua anwani yetu. Lakini nitapiga kura ya hapana juu ya pendekezo langu mwenyewe kama hatutakubaliana mambo yafuatayo. Barua-pepe ya kufungulia iwe ya muungano, si yangu. Namba ya simu ya kurudishia neno la siri iwe ya muungano pia, na mtu aiwekee kredi mara kwa mara, kwa maana namba isiyotumika kwa muda mrefu kampuni huichukua na kumpa mwingine. Wasimamizi wawe watatu, kila mmoja na neno lake la siri. Mmoja akihama, akiolewa mbali au akifariki, wawili wanachagua mwingine katika mkutano, na jina linaandikwa katika daftari. Kila mwisho wa mwezi tunachukua lile faili pamoja na picha zote, tunaviweka kwenye USB mbili. Moja ibaki kwa mweka-hazina, nyingine iende nje ya mji, kwa dada yetu wa Sange. Msiziweke nyumba moja. Sanduku letu la zamani lilikuwa moja tu.

Kuhusu mega: tuandike kwanza kwenye simu bila intaneti, kisha tuingie mara moja tu kubandika. Picha ya simu ya siku hizi inaweza kufika mega tatu au nne. Tukiipunguza kabla ya kuipandisha, msomaji wa Fizi mwenye mtandao dhaifu ataweza kuiona. Vijana wetu wawili wamekubali kutufundisha kupunguza.

Na gazeti la karatasi haliachi kuchapwa. Mnakumbuka mwisho wa Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima kwa karibu siku 20. Bibi yangu hakujua kama imekatwa. Yeye alikuwa anasubiri gazeti lake.

Tunakutana siku ya posho, saa tisa, mahali petu pa kila mara. Tutapiga kura mara mbili: kwanza juu ya programu, kisha juu ya wamama watatu wa funguo. Mweka-hazina atasema ya Blogger kwa dakika kumi kabla yangu, ni haki yake. Yeyote mwenye nakala ya zamani, hata iliyochanika, hata iliyofungiwa karanga, ailete. Tutaipiga picha na kumrudishia mwenyewe. Mpaka leo nimepata mbili. Moja mama wa Kavimvira alikuwa ameitandika ndani ya kabati la vyombo, imechafuka kwa mafuta pembeni. Ukurasa wake wa tatu, maneno yote yanasomeka, ni ndagala wakati wa mvua. Nimemtumia habari yule binti, na amesema atakuja.