Twiga Aliyefifia Kichwa

Sikilizeni kisa cha twiga aliyechongwa kwa mashine ya leza. Miguu ilitoka myeusi, imezama vizuri ndani ya ubao. Shingo ikaanza kupauka, na kichwa kikaonekana kwa taabu. Ubao ulikuwa mmoja, nguvu ya leza ileile, kuanzia kwato hadi pembe. Kichwa kimeenda wapi?

Wengi hapo hukimbilia kuongeza nguvu. Msifanye hivyo. Kichwa kitatokea, ndiyo, lakini miguu itageuka mkaa. Chukueni ubao mtupu, mchonge kisanduku kilichojaa kwenye kila kona. Kisha ugeuzeni, upande wa mbele uwe wa nyuma, mchonge vingine kando ya vile vya kwanza. Doa lililofifia likihama pamoja na ubao, ubao ndio wenye kasoro. Likibaki kona ileile ya mashine, tuichunguze mashine. Nalipenda sana jaribio hili, maana halidai kifaa chochote.

Doa la twiga wetu lilibaki palepale, kona ya mbali.

Mashine yenyewe ilikuwa ya gesi ya kaboni dioksidi. Mwale wake una urefu wa wimbi wa mikromita 10.6, na jicho haliuoni kabisa. Ndiyo maana kazi hii hufanywa na mtu mzima anayeijua mashine, kifuniko kimefungwa. Mwale hutoka kwenye tyubu, hupiga vioo vitatu, kisha hupita kwenye lenzi. Kioo kikiinama kidogo tu, kwenye kona ya karibu hamtaona tofauti. Lakini kadiri mwale unavyosafiri ndivyo unavyozidi kupotoka, hadi kona ya mbali sehemu yake inagonga ukingo na haifiki kwenye ubao.

Basi mtu mzima akabandika utepe wa karatasi kwenye tundu ambamo mwale huingilia kichwa cha mashine. Akapiga leza kufumba na kufumbua kona ya karibu, akakisogeza kichwa hadi kona ya mbali, akapiga tena. Vioo vikiwa sawa, alama mbili huangukia tundu moja. Hapa yalitoka mawili ya kahawia, yamegusana kama namba 8. Akakaza kidogo mno skrubu ya kioo, akabadilisha utepe, akarudia mpaka likabaki tundu moja.

Kuna mashine ambazo vioo vyake ni sawa ila meza imelala upande. Lenzi hukusanya mwanga kwenye nukta ndogo, kama kioo cha kukuzia kinavyounguza karatasi juani. Ubao ukishuka, nukta inatanuka na mchoro unapauka. Kateni kijiti chenye urefu unaotakiwa kati ya kichwa na ubao, mkipitishe kwenye kona zote nne. Picha ikififia yote kwa pamoja, siku hadi siku, shukuni moshi ulioganda kwenye lenzi.

Ubao nao una tabia zake. Paini ina mistari ya ukuaji: ile laini, myeupe, huchimbika haraka, na ile migumu, ya rangi nzito, hukaidi. Plaiwudi huficha gundi chini ya tabaka la juu, na penye gundi nyingi leza huchimba kidogo. Madoa ya namna hiyo hayana skrubu ya kuyatibu. Tafuteni kipande kingine.