Kimono au Vazi la Mazoezi? Alama Mbili Zilizonifundisha Somo



Katika mtihani wa tafsiri wa muhula uliopita, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alikutana na sentensi ya Kifaransa iliyomtaja mchezaji wa judo anayefunga mkanda juu ya "kimono" yake. Yeye akaandika "vazi lake la mazoezi". Nilimkata alama mbili, na pembeni nikaandika kwa wino mwekundu kwamba neno kimono linajulikana duniani kote na halihitaji kufasiriwa. Siku ya pili akabisha hodi ofisini, akaniamkia, kisha akasema kwa adabu: "Samahani mwalimu, mimi nacheza judo. Sisi hatuvai kimono."

Makala haya ni matokeo ya ziara hiyo fupi. Lengo lake ni kueleza mavazi ya Kijapani yanayovaliwa katika mazoezi ya judo, karate na michezo mingine ya jamii hiyo, na kuonyesha kwamba ni vigumu kukipa kitu jina sahihi bila kujua kazi yake.

Tuanze na maneno yenyewe. Kimono kwa Kijapani ni "kitu cha kuvaa". Siku hizi neno hilo hutaja vazi refu lililo wazi mbele mithili ya joho, lenye mikono mipana, ambalo hufungwa kiunoni kwa mshipi uitwao obi. Wajapani wengi hulivaa katika harusi na sherehe nyinginezo. Vazi la mazoezi ni jingine, nalo huitwa keikogi. Gi ni vazi, na keiko ni mazoezi. Ukichambua neno keiko katika maandishi yake, utakuta alama mbili: ya kwanza ina maana ya kutafakari, na ya pili ina maana ya kale. Kwa hiyo kufanya mazoezi ni kuyatafakari ya kale. Mchezaji wa judo huvaa judogi na wa karate huvaa karategi. Walioathiriwa na Kiingereza hufupisha na kusema "gi" tu, ilhali sisi tulioathiriwa na Kifaransa tumezoea kusema kimono. Kumbe mazoea hayo ndiyo yaliyonipotosha.

Pili, tutazame asili ya vazi hili. Watu wengi hudhani kwamba ni la kale sana, lakini sivyo. Mwalimu Kano Jigoro alianzisha shule yake ya judo, Kodokan, mjini Tokyo mwaka 1882. Mwanzoni koti la mazoezi lilikuwa na mikono mifupi, na suruali yake pia ilikuwa fupi, hata viwiko na magoti yakawa yanachubuka. Mwanzoni mwa karne ya 20 vyote viwili vilirefushwa. Karate nayo ilitoka visiwa vya Okinawa. Mwalimu Funakoshi Gichin alipokwenda Tokyo mwaka 1922 kuionyesha, Kano alimkaribisha Kodokan, na baadaye wanakarate wakachukua mfano wa vazi la judo na kulifanya jepesi zaidi.

Tofauti ya uzito ina sababu. Katika judo mpinzani hukamatwa ukosi na mkono wa koti, kisha huvutwa na kutupwa chini. Ndiyo maana koti hilo hufumwa kwa pamba nzito, na ukosi wake ni mnene. Mwanakarate hupiga ngumi na mateke, na kwa kazi hiyo koti zito lingemlemea. Katika kendo, yaani mchezo wa panga za mianzi, na vilevile katika aikido, huvaliwa hakama, ambayo ni suruali pana yenye marinda inayofanana na sketi kwa mbali. Kwa kawaida marinda yake ni saba, matano mbele na mawili nyuma. Wapo walimu wanaofundisha kwamba kila rinda linawakilisha sifa moja njema.

Tatu, kuna namna ya kuvaa. Upande wa kushoto wa koti hulalia juu ya upande wa kulia, kwa wanaume na wanawake vilevile. Amri ya kuwataka watu wote wavae hivyo ilitolewa Japani mwaka 719. Upande wa kulia huwekwa juu kwa maiti tu, anapovikwa tayari kwa mazishi. Mwanafunzi wangu alinieleza kwamba siku yake ya kwanza alikosea, na mwalimu wake akamwambia: "Rekebisha, bado u hai." Sisi tunaojua maana ya sanda hatuna haja ya kufafanuliwa zaidi.

Nne ni mkanda. Huzungushwa kiunoni mara mbili na kufungwa fundo mbele, ncha zake zikining'inia sawasawa. Husimuliwa kwamba hapo kale mkanda mweupe haukufuliwa, hata ukageuka mweusi kwa uchafu wa miaka mingi. Ni hadithi tamu, lakini sivyo ilivyokuwa. Kano alianza kutoa daraja za dan mwaka 1883, na mkanda mweusi ukaja baadaye ukiwa alama ya daraja hizo. Rangi nyingi za kati, kama vile njano na kijani, zilienezwa Ulaya, hasa na mwalimu Kawaishi Mikonosuke aliyefundisha Paris katika miaka ya 1930.

Hata weupe wa vazi umewahi kuzua mjadala. Mwaka 1997 Shirikisho la Kimataifa la Judo lilikubali kwamba katika mashindano mchezaji mmoja avae buluu, ili waamuzi na watazamaji wawatofautishe wachezaji kwa urahisi. Japani ilipinga, kwa kuwa kwao weupe ni alama ya usafi wa moyo.

Je, sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili tufanyeje? Napendekeza "vazi la mazoezi" litumike pale ambapo msomaji anahitaji maana tu. Pale ambapo aina ya vazi ni muhimu, tuandike judogi au karategi na kuyaingiza katika ngeli ya I-ZI: judogi hii, judogi hizi. Obi ya mchezaji tuiite mkanda, kwa maana neno tunalo. Kimono tuliachie vazi la sherehe, nalo pia liwe katika I-ZI. Silabi yake ya kwanza isitudanganye tukaandika "vimono", kwani ki- hiyo si kiambishi ngeli.

Nimemrudishia mwanafunzi yule alama zake mbili, na mbele ya darasa zima nikaeleza sababu. Alicheka, akasema kwamba katika judo somo la kwanza ni kujifunza kuanguka bila kuumia. Nami nikamjibu kwamba walimu pia tunalihitaji somo hilo.