Qatar: Kuta za mimea na majengo ya kale

Katika miji yenye joto kali, wasanifu majengo huzifunika kuta kwa mimea ili kupunguza ukali wa jua. Huko Al Rayyan, manispaa inayopakana na Doha, suala hilo linagusa pia majengo ya kale. Ngome ya Al Wajbah, ambako Sheikh Jassim bin Mohammed Al Thani aliyashinda majeshi ya Milki ya Osmani mwaka 1893, imo katika manispaa hiyo.

Ukuta wa mimea hupoza kwa kivuli na kwa maji yanayogeuka mvuke majanini. Maji hayo ndiyo ghali: Qatar haina mto hata mmoja, na karibu maji yake yote ya kunywa hutoka baharini, yakaondolewa chumvi.

Kuta za kale za Ghuba, zilizojengwa kwa mawe na udongo na kupigwa lipu ya udongo au jasi, huzuia joto kwa unene wake, bila tone la maji. Unyevu ukipenya, jasi hulainika, na chumvi iliyomo hujitokeza na kuibambua lipu. Dari nazo zilibebwa na boriti za mikoko, nyingi zikiwa zimeletwa kwa majahazi kutoka Lamu na delta ya Rufiji, unyevu huziozesha.

Kwa hiyo mimea hufaa zaidi kwenye jengo jipya, au juu ya fremu iliyotengwa na ukuta wa kale, maji yake yakikingwa. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, miti hujiotea yenyewe kwenye nyufa za kuta za mawe ya matumbawe, na mizizi yake huzidi kuzipanua.