Bariadi pana usalama kwa nani?

Mtumishi aliyehamishiwa Bariadi, au mfanyabiashara anayetafuta fremu karibu na stendi, huuliza mapema: huko pana usalama? Wenyeji humjibu kwa visa walivyosikia. Jibu jingine limo katika taarifa ya hali ya uhalifu, ambayo Jeshi la Polisi huiandaa pamoja na Ofisi ya Taifa ya Takwimu.

Takwimu hizo zinataka kusomwa kwa uangalifu. Sensa ya 2022 iliukuta Mkoa wa Simiyu, ilimo Bariadi, na watu 2,140,497, na Mkoa wa Katavi 1,152,958. Mikoa hiyo ikiandikisha wizi kwa idadi sawa, mkazi wa Katavi ndiye mwenye hatari zaidi, karibu mara mbili. Ndiyo maana hesabu ya kuaminika ni ya makosa kwa kila watu 100,000.

Kulinganisha na zamani nako ni kugumu. Simiyu ilianzishwa Machi 2012. Kabla ya hapo Bariadi, Maswa na Meatu zilihesabiwa Shinyanga, na Busega ilikuwa sehemu ya Magu, mkoani Mwanza.

Zito zaidi ni kwamba kinachohesabiwa ni kile tu kilichofika kaunta ya polisi. Aliyejeruhiwa huandikishwa anapofuata PF3, fomu ya polisi ya matibabu. Aliyeibiwa simu huchukua RB, namba ya taarifa yake kituoni. Mke aliyepigwa, kisha wakwe wakamtaka ayamalize nyumbani, haonekani popote. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulionyesha kuwa wanawake 4 kati ya 10 wenye miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili. Wengi wao hawakukanyaga kituoni.

Wizi wa mifugo nao una njia yake. Tangu sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, waanze Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980, ng'ombe akiibwa yowe hupigwa, wanaume wakafuata nyayo. Mwizi akishikwa na faini ikalipwa kijijini, polisi wanaweza wasisikie kabisa. Kwa hiyo wilaya yenye wizi mchache kwenye jedwali huenda ni ile tu ambayo watu wake hawaripoti. Kinyume chake pia hutokea: doria zikiongezwa pembezoni mwa Pori la Akiba Maswa, kesi za ujangili hupanda hata kama majangili hawajaongezeka.

Halafu kuna swali la nani anaumia. Mei 2014 mwanamke mwenye ualbino aliuawa katika kijiji cha Gasuma, wilayani Bariadi. Kwenye jedwali, hilo ni tukio moja la mauaji kati ya mengi. Kwa mzazi wa mtoto mwenye ualbino, ni sababu ya kutomruhusu mwanawe aende shule peke yake. Kanda ya Ziwa imepoteza pia vikongwe waliotuhumiwa uchawi, wengine kwa macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni. Mwenye duka anaweza kulala usingizi mnono katika kata ileile ambamo bibi mjane anaogopa kufungua mlango jua likizama.

Wastani wa mkoa hauwezi kutofautisha kata za Somanda na Nyakabindi, zote za Bariadi. Anayehamia anahitaji kumwona mwenyekiti wa mtaa na polisi kata, awaulize ni makosa gani yanayotokea hapo, saa ngapi, na kama huongezeka pamba inaponunuliwa na wakulima wana fedha mkononi. Asisahau kuwauliza wanawake wanaoishi peke yao.